Sakura Tunaipenda, Takataka Tunaiachia Iveti

Kila Aprili ni stori ile ile. Mtu anaposti video ya watu wakitembea polepole Mlima Yoshino kule Japani, maua ya sakura yakiwaangukia kichwani, halafu anaandika, "Siku moja nitafika." Sawa, ndoto ni bure. Lakini wewe unaishi Machakos mjini na hujawahi kupanda Iveti, na vilima viko hapo tu juu ya nyumba yenu!

Usiniambie hatuna maua. Oktoba jakaranda zikichanua, unakanyaga zambarau ukienda dukani na hata hushtuki.

Shida si maua, wala si nauli. Shida ni sisi. Japani mapipa ya taka barabarani ni machache sana, na bado watu hurudi na taka zao nyumbani. Sisi tunapanda na soda, tunapiga selfi, chupa tunaacha kwa nyasi. Halafu tunalaumu kaunti.

Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye misitu na mbuga zetu. Sheria iko. Aibu ndiyo haiko.

Na usiseme "ni chupa moja tu." Kila aliyeacha yake alisema hivyo.

Jumamosi mimi napanda. Maji kwa chupa ya chuma, mfuko wa taka mgongoni. Ukikuja, beba wako. Na kama chupa tupu inakushinda kushuka nayo, basi hata Japani usiende. Utatuaibisha.