Usiazime Upanga wa Mkanamungu

Ndugu msomaji, iko tabia moja imeingia katika mabaraza yetu ya mwambao, nayo inafaa isemwe wazi kabla haijaota mizizi. Kijana wa Kiislamu hukaa na Mkatoliki, jirani yake au mwenziwe wa kazini, wakaanza kujadiliana habari za dini. Hilo si baya. Qur'ani yenyewe imetufunza, katika Suratul Ankabut aya ya 46, tujadiliane na Watu wa Kitabu kwa njia iliyo njema. Ubaya unaanza pale kijana anapokosa hoja yake mwenyewe akaenda kuazima ya mtu mwingine, wala asiulize: aliyeitunga hoja hii ni nani, na aliitunga ili amkate nani?

Hoja inayoazimwa zaidi ni ile ya Bibi Maryamu. Kijana humwambia Mkatoliki: "Habari ya bikira kuzaa imetokana na kosa la tafsiri. Wataalamu wa Ulaya wamekwisha kuivunja zamani." Kisha akaongeza mzaha kuhusu Yusufu seremala, baraza zima likacheka. Mkatoliki huinamisha kichwa, na kijana hurudi nyumbani akiona kuwa leo ameinusuru dini. Yarabi toba! Ameinusuru dini gani, na huyo aliyemfanyia mzaha ndiye yule yule ambaye Mwenyezi Mungu amemtakasa na kumteua juu ya wanawake wa walimwengu?

Nisifahamike vibaya. Sikuja hapa kuwatetea Wakatoliki katika Utatu, wala katika kumwita Sayyidna Isa (A.S.) mwana wa Mungu, wala katika habari ya msalaba. Hayo tunayakanusha, na Suratul Ikhlas yatosha. Mtoto wa chuoni anaijua. Wala sisi watu wa pwani hatuna deni la mapenzi kwa wale walioleta Ukatoliki huku kwa mara ya kwanza. Wareno waliingia Kilwa na Mombasa mwaka 1505 kwa mizinga na moto, wakapora walichokiona. Lakini uadilifu haungoji mapenzi. Aya ya 8 ya Suratul Maida inatuamrisha kuwa chuki yetu juu ya watu isitutoe katika uadilifu. Mkatoliki akikosea tumwambie amekosea. Ama akisema neno ambalo na sisi tunaliamini, na Mprotestanti au mkanamungu akamshambulia kwa ajili ya neno hilo, basi ugomvi huo ni wetu pia, tukitaka tusitake.

Hebu tuitazame hiyo hoja yenyewe. Injili ya Mathayo inapoeleza kuzaliwa kwa Isa inataja maneno ya Isaya, mlango wa 7. Kwa Kiebrania neno lililoko pale ni "alma", yaani mwanamwali, msichana aliyefikia kuolewa. Waliofasiri kitabu hicho kwa Kiyunani kabla ya zama za Isa waliandika "parthenos", yaani bikira. Basi wapinzani wakasema: Mathayo amejenga kisa kizima juu ya neno lililofasiriwa visivyo. Hoja hii si mpya hata kidogo. Ilikuwa ikisemwa tangu karne ya pili. Waprotestanti wa Marekani walipotoa tafsiri yao ya Biblia mwaka 1952, wakaandika "msichana" badala ya "bikira" pale kwenye Isaya, ikapata nguvu upya, na hata leo inazunguka kama pesa mbovu.

Mkatoliki ana jibu, na jibu lake ni zuri. Anasema: Injili ya Luka nayo inasimulia kuwa Maryamu alikuwa bikira, na Luka hakuitaja aya ile ya Isaya kuwa ni ushahidi. Basi mwondoe Isaya ukitaka. Kisa kinabaki pale pale. Sisi tunalo jibu lililo kubwa kuliko hilo. Qur'ani haikutegemea neno la Kiebrania wala la Kiyunani. Katika Suratu Maryam na katika Aali Imran imeeleza waziwazi kuwa Bibi Maryamu mwenyewe ndiye aliyestaajabu, atapataje mtoto na hali hajaguswa na mwanamume, akajibiwa kuwa hilo kwa Mola wake ni jepesi. Na katika aya ya 59 ya Aali Imran, Isa amefananishwa na Adamu. Huyo aliyeumbwa bila ya baba na bila ya mama hatuoni tabu kumwamini. Huyu mwenye mama asiye na baba ndiye atushinde?

Wengine husema: Marko hakulitaja jambo hili, Paulo hakulitaja. Kunyamaza si kukana. Marko ameanza kitabu chake Isa akiwa mtu mzima, anakwenda kwa Yahya mtoni. Mtu akikusimulia habari za babu yako tangu siku aliponunua jahazi, utasema babu yako hakuzaliwa? Na wako wanaodai kuwa kisa kimeibwa kwa Wayunani wa kale, ambao miungu yao ilizaa na wanawake. Anayesema haya ama hajavisoma visa hivyo, ama ameona haya kuvieleza. Vile ni visa vya uasherati mtupu: mungu wao anajigeuza fahali ili amteke msichana wa watu. Katika kisa cha Bibi Maryamu hamna mwanamume wala tamaa. Mna mwanamke mchamungu, na malaika aliyetumwa, na amri ya Muumba, basi.

Sasa soma Suratun Nisaa, aya ya 155 na ya 156. Hapo Mwenyezi Mungu anahesabu makosa makubwa ya watu waliopita: kuvunja ahadi, kukanusha ishara, kuwaua manabii. Na katika hesabu hiyo hiyo ameweka na uzushi mkubwa waliomzulia Maryamu. Basi ule mzaha wa Yusufu seremala si mzaha. Ndio uzushi ule ule, umevishwa kanzu na kofia, umeketi barazani petu.

Mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Qur'ani ni yeye, na sura nzima imeitwa kwa jina lake. Imepokewa kwa Abu Huraira, katika Bukhari na Muslim, kuwa kila mtoto anayezaliwa huguswa na shetani ila Maryamu na mwanawe. Papa Pius wa Tisa alipotangaza mwaka 1854 kuwa Maryamu alikingwa na dhambi ya asili tangu kutungwa mimba yake, Waprotestanti walipiga kelele kuwa jambo hilo halimo katika Biblia. Mwanahistoria Gibbon, Mwingereza aliyekuwa akiwacheka watu wa dini zote, alikuwa ameandika hata kabla ya tangazo hilo kuwa Wakatoliki wameliazima kutoka katika Qur'ani! Sisi hatuiamini dhambi ya asili, kwa hiyo tangazo la Papa si letu. Lakini heshima iliyo chini ya tangazo hilo tunaijua. Wakubwa wa Kanisa hilo nao wanajua kuwa tunaijua: katika mkutano wao mkuu wa Roma waliandika mwaka 1965 kuwa Waislamu wanamheshimu Maryamu, mama bikira. Ni aibu iliyoje wao watushuhudie hivyo na mabaraza yetu yawakadhibishe.

Usidhani kuwa hatari hii ni ya wakanamungu peke yao. Mwaka 1984 David Jenkins, siku zile akiteuliwa kuwa askofu wa Kiprotestanti wa Durham huko Uingereza, alisema mbele ya televisheni kuwa ana shaka kubwa kama Mungu aliwahi kufanya jambo la bikira kuzaa. Siku tatu baada ya kutawazwa kwake katika kanisa kuu la York, radi ililipiga kanisa hilo likaungua. Wako waliosema ni adhabu. Sisi hayo ya radi tunamwachia Mwenyewe. Ninalotaka ulione ni hili: katika mambo haya ya Maryamu, askofu wa Kikristo alikuwa mbali na Qur'ani, na mkulima wa Kikatoliki asiyejua kusoma alikuwa karibu nayo zaidi kuliko yeye.

Na hoja hizi zikiisha kumpiga Mkatoliki, hazilali. Mtazame Ernest Renan wa Ufaransa. Mwaka 1863 alitoa kitabu cha maisha ya Isa ambamo hakuna muujiza hata mmoja aliouacha salama. Isa kwake ni mwana wa Yusufu na Maryamu, mtu mwema, na hakuna zaidi. Mwislamu mwenye haraka atasema: "Si ndivyo tusemavyo sisi, kuwa Isa ni mtu?" Hasha. Sisi tunasema ni mtu aliyetumwa, aliyefufua maiti kwa idhini ya Mungu, aliyesema akiwa mchanga mikononi mwa mamake. Renan anasema ni mtu, kisha anafunga mlango, na nyuma ya mlango huo amewafungia Manabii wote. Haya, miaka 20 ikapita. Mwaka 1883 Renan huyo huyo alisimama Sorbonne, mjini Paris, akatoa hotuba ya kuushambulia Uislamu, akidai kuwa dini yetu ni adui wa elimu. Jamaluddin Al-Afghani alikuwa Paris wakati huo, akamjibu katika gazeti. Lakini lau wako Waislamu waliofurahi mwaka 1863 kuona makasisi wanavyotaabishwa na Renan, walisemaje mwaka 1883?

Jambo jingine ni hili la kuthibitisha kuwako kwa Mungu. Kanisa Katoliki lilitamka mwaka 1870 kuwa akili ya binadamu inaweza kumjua Mungu kwa kuvitazama viumbe vyake. Waprotestanti wengi waliikataa njia hiyo. Karl Barth wa Uswisi, ambaye ni katika wanachuoni wao wakubwa, aliipiga vita vikali. Naye mfalsafa Bertrand Russell, katika hotuba yake ya London ya mwaka 1927, aliitaja itikadi hiyo ya Wakatoliki kwa jina, akaipinga kwa swali hili: ikiwa kila kitu lazima kiwe na sababu, basi Mungu naye sababu yake ni nini?

Nimewasikia vijana wetu wakilikariri swali hilo ili kuwakejeli mapadri. Masikini, hawajui kuwa nyumba inayopigwa mawe ni ya kwao! Thomas Aquinas, mwanachuoni mkuu wa Wakatoliki aliyekufa mwaka 1274, alikuwa na vitabu vya Ibn Sina na Ibn Rushd mbele yake alipokuwa akiandika. Na ile hoja ya kilicho lazima kuwako na kilichowezekana kiwepo au kisiwepo, Ibn Sina aliieleza zaidi ya miaka 200 kabla ya yeye kufa. Qur'ani nayo inatuita tumtazame ngamia alivyoumbwa, na mbingu zilivyoinuliwa, na milima ilivyosimamishwa. Hapo sisi na Mkatoliki tuko upande mmoja.

Na jibu la Russell liko katika darsa ya watoto. Hakuna mwanachuoni aliyesema kuwa kila kitu kina sababu. Waliyosema, na Imam Ghazali amelieleza vizuri, ni kuwa kila kilichozuka baada ya kutokuwapo hakina budi kuwa na aliyekizusha. Mwenyezi Mungu hakuzuka. Mtoto aliyesomeshwa sifa ishirini anajua kuwa baada ya Wujudi inafuata Qidamu, kuwako bila ya mwanzo. Bwana Mtume (S.A.W.) alikwisha kutueleza kuwa shetani atamjia mtu amwulize nani kaumba hiki na nani kaumba kile, mpaka amwulize nani kamwumba Mola wako, ikifika hapo mtu ajikinge kwa Mungu na akome. Swali likachukua karibu miaka 1,300 kufika London, na huko likapokewa kama jambo geni.

Haya ya tasbihi nitayapita upesi. Mprotestanti anapomcheka Mkatoliki kwa kuhesabu dua kwa shanga, mwangalie vizuri anamcheka nani, maana tasbihi ya bibi yako imetundikwa ukutani. Katika masanamu ya makanisani, na katika kwenda kuungama dhambi kwa padri, nakiri kuwa Mprotestanti yuko karibu na sisi zaidi, na katika hayo tuseme wazi kuwa amesema kweli. Wala si kila anachoshikilia Mkatoliki ni chetu kukiingilia. Kuna ugomvi wao mrefu kama Maryamu alizaa watoto wengine baada ya Isa. Qur'ani haikulisema hilo, na sisi hatuna shughuli nalo.

Ja'far bin Abi Talib alisimama mbele ya Najashi, mfalme wa Kikristo wa Uhabeshi, na wajumbe wa Makureshi wamekaa pale wakingoja wakabidhiwe Waislamu wawarudishe Makka. Roho za watu zilikuwa juu ya ulimi wake. Alichagua kumsomea mwanzo wa Suratu Maryam, na mfalme akalia. Na siku ya pili Makureshi walipomchochea mfalme kuwa watu hawa wana neno baya juu ya Isa, Ja'far hakuficha kitu: alisema Isa ni mja wa Mungu na Mtume wake, na mamake ni bikira. Hakuazima neno kwa mtu.

Basi wewe baba, na wewe mama, kijana wako akirudi na hoja mpya aliyoiokota, usimkataze kujadiliana. Mwulize tu: hoja hii tukiigeuza upande wa Suratu Maryam, itafanya nini? Akikosa la kujibu, mkalishe aisome sura hiyo pamoja na maana yake. Ni aya 98. Ataimaliza kabla ya isha, na baraza atalikuta kesho pale pale.