Usipoziba ufa wa daraja, hasara ni ya mkulima

Kwa mkulima wa mchicha wa Kigamboni, njia mojawapo ya kufikia Soko la Temeke Stereo ni Daraja la Nyerere. Daraja hilo lenye urefu wa mita 680, linalotua Kurasini, lilifunguliwa Aprili 2016 na magari yakaanza kutozwa ushuru mwaka huo huo. Likifungwa hata kwa siku mbili, mchicha hausubiri. Hunyauka shambani, na mchuuzi wa Mbagala hukosa cha kuuza.

Adha ya njia kukatika inafahamika. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, malori yakakwama kwa siku kadhaa. Mafuriko huja ghafla. Uchovu wa chuma na zege huja polepole, na huo unaweza kupimwa.

Njia mojawapo ni kutumia uzi wa kioo, wa aina ile ile iliyomo ndani ya mkongo wa mawasiliano. Uzi huo mwembamba kama unywele hufungwa kwenye daraja kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha mwanga hupitishwa ndani yake. Sehemu ndogo ya mwanga hurudi ulikotoka. Pale daraja linapovutika au kubanwa, mwanga unaorudi hubadilika, na muda uliotumia kurudi huonyesha mahali penyewe. Hivyo uzi mmoja hupima daraja zima, hata likivutika chini ya sehemu ya kumi ya milimita kwa kila mita.

Mjini Gothenburg, Uswidi, daraja la Götaälv lililojengwa mwaka 1939 lilikutwa na nyufa katika chuma chake. Lilifungwa nyuzi hizo, likaendelea kutumika chini ya uangalizi hadi lilipojengwa jipya, lililofunguliwa 2021.

Gharama zipo. Mashine ya kusoma mwanga huo ni ghali, na kwa kalavati la mtaani jicho la fundi linatosha. Lakini kwa daraja kubwa, kuweka uzi wakati wa ujenzi ni rahisi kuliko kuuongeza baadaye. Ni vyema Tanroads iuweke katika mikataba ya madaraja makubwa yajayo, na matokeo ya vipimo yatangazwe kwa wananchi. Wenye malori nao waache kukwepa mizani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huu ukijengwa, atakayeanza kuulipia ni yule ambaye mchicha wake umeozea ng'ambo.