Faili la Hospitali na Haki ya Mgonjwa



Kila msimu wa karafuu una walioanguka. Mkarafuu ni mti mrefu, na tawi lake ni jepesi kukatika. Mchumaji huwa juu na pakacha lake, mara yuko chini. Hapo hubebwa mbio mpaka hospitali, na alhamdulillahi wengi hutibiwa wakapona. Taabu ninayotaka kuisema leo huja baadaye, pale mtu anapotakiwa aonyeshe alivunjika nini, lini, na alitibiwa na nani. Pengine anadai fidia. Pengine amepelekwa Unguja, na daktari wa Mnazi Mmoja anataka kujua wenzake wa Pemba walifanya nini. Mkononi hana kitu, ila kadi iliyolowa mvua.

Akirudi kuuliza huambiwa, "Faili ni mali ya hospitali." Basi huinamisha kichwa akaenda zake.

Mimi nasema bwana karani ana haki nusu. Faili lenyewe ni la hospitali, na lazima libaki pale, maana akirudi mgonjwa kesho daktari atalitafuta. Lakini habari zilizomo ni za mwili wa mtu, naye ndiye aliyeusikia uchungu. Kwa hivyo tusiende kuomba faili. Tuombe nakala, au muhtasari wa matibabu uliotiwa saini na daktari na kugongwa muhuri. Ombi la namna hii karani hawezi kulikataa kwa neno lile lile.

Tena liombwe kwa barua. Maneno ya dirishani hayana shahidi. Barua iandikwe kwa Daktari Dhamana wa hospitali, iwe fupi: jina, umri, shehia, tarehe ya kuingia na ya kutoka, wodi, na nambari iliyo juu ya kadi ikiwa ipo. Kisha mtu aseme anataka nini hasa, cheti cha kuruhusiwa, majibu ya maabara au picha ya eksirei, na anakitakia nini. Mwenye barua achukue kitambulisho chake, na asiyejua kuandika aandikiwe, atie dole gumba. Zipelekwe barua mbili. Moja ibaki hospitali, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa irudi nyumbani. Hiyo ya pili ndiyo yenye nguvu, maana baada ya wiki mbili mtu harudi kuomba upya, hurudi kuuliza jawabu. Akitakiwa kulipia nakala, alipe na adai risiti.

Mambo mawili huwapoteza wengi. La kwanza ni jina. Kijijini tunaitana kwa majina ya utani, na hospitali mtu huandikwa kwa jina alilolitaja yule aliyembeba. Wako akina Hamad wangapi Wete peke yake? Jina liandikwe kama lilivyoandikwa siku ile, hata kama lilikosewa, na lile la kitambulisho liwekwe kando yake. La pili ni tarehe. Mtu hukumbuka kuwa alianguka Mfunguo Mosi, na daftari la hospitali halijui Mfunguo Mosi. Afadhali tarehe ya kalenda ya kizungu iandikwe siku ile ile ya ajali, hata ukutani.

Wako wasemao kwamba mkulima atafanya nini na karatasi za Kiingereza. Siafiki. Hati ya shamba pia wengi hawaisomi, lakini hawaiachi kwa jirani. Na mgonjwa ana haki ya kumwambia daktari amfasirie.

Jambo jingine ni siri. Barua ya sheha hutosha kumtambulisha mtu. Sheha hana haja ya kujua ugonjwa wake. Na wanaume wenzangu wataniwia radhi: mume hana ruhusa ya kwenda kuchukua karatasi za mkewe bila ya mke kuridhia kwa saini yake. Mkewe ni mtu mzima. Aliyemweleza daktari jambo la siri hakulieleza ukoo mzima.

Nimesikia watu wakiitaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ni sheria nzuri, inampa mtu haki ya kuzipata habari zake. Lakini Zanzibar inafanya kazi katika mambo ya Muungano tu, na afya si jambo la Muungano. Aliyetibiwa Muhimbili ataitumia. Aliyetibiwa Chake Chake au Mkoani asiende kuwatikisia watu sheria hiyo. Atarudishwa, na ombi lake lenyewe litaonekana halina maana. Ategemee barua yake na adabu yake.

Naomba Kamati ipige chapa mfano wa barua hii, kila tawi liwe nazo kabla mikarafuu haijaanza kuchumwa, na katibu wa tawi awaandikie wasioweza. Na mwenye shamba ambaye mchumaji wake ameanguka asimwachie kijana wa watu ahangaike peke yake kwa nauli ya kukopa. Amfuatilie yeye karatasi hizo, kwa idhini ya mgonjwa, wakati daktari aliyemtibu bado yupo na hajahamishwa.