Tuweke Fyekeo Chini

Mji wetu wa Dodoma ulipewa jina na mnyama. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba tembo aliteremka kijitoni kunywa maji, akazama matopeni, na waliomkuta wakasema "idodomya", yaani amezama. Mji wenye asili hiyo haufai kuwafukuza viumbe wa porini hadi ndege wa mwisho.

Kila mtaa una kipande cha ardhi kisichotunzwa na mtu. Pengine ni kiwanja cha wazi, pengine ukingo wa korongo au mwamba uliozingirwa na nyumba. Kwa kuwa hakina wa kukisemea, kimegeuzwa jalala. Nasema kiwe bustani ya wananchi, yenye miti ya kwetu na nyuki na ndege wake, na wa kuitunza ni sisi tunaoishi kandokando yake.

Serikali imekwisha kufanya mengi. Mpango wa mji mkuu wa mwaka 1976, uliochorwa na wataalamu wa Toronto, uliacha nafasi za wazi baina ya makazi. Desemba 2017 Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani. Lakini mche uliopandwa Desemba unataka mtu wa kuutilia maji Agosti, wakati udongo umekuwa kama tofali. Mvua zetu kwa mwaka wa kawaida hazifiki milimita 600, na zote humiminika katika miezi michache. Ni miche mingapi tumeipanda kwa ngoma na vigelegele, kisha tukaiacha ife kwa kiu? Inaniuma kila nikiiona imesimama mikavu kama vijiti vya mishikaki.

Dawa tunayo, na imekomaa katika vijiji vya mkoa huuhuu. Wenyewe wanaiita kisiki hai. Chini ya ardhi inayoonekana tupu kuna mizizi ya migunga na mikole iliyokatwa zamani, na bado ina uhai. Kila mvua inapokuja huchipua, na kila mara tunaikata au mbuzi wanaimaliza. Mkulima wa kisiki hai huchagua machipukizi machache yaliyonyooka, hupogolea mengine, hufunga kitambaa ili watu wajue kwamba mti huo una mtunzaji, kisha huulinda. Hanunui mche wala hachoti maji, kwa maana mzizi ulikwisha kujichimbia kisima chake miaka mingi iliyopita. Kule Niger, kazi ya namna hii iliyoanza mwaka 1983 imerudisha miti katika zaidi ya hekta milioni 5. Na hapa jirani, Kondoa, mifugo ilipoondolewa mwaka 1979 kwenye vilima vilivyoliwa na mmomonyoko, mimea ilirudi yenyewe.

Basi kwa nini mbinu hii ikomee vijijini? Sina ugomvi na mwarobaini wala mjohoro, vivuli vyake vimetufaa sana. Lakini hiyo ni miti ya ugenini, na mcheza kwao hutunzwa. Mgunga ukichanua, nyuki hujaa. Mbuyu hufungua maua yake jioni na kuwalisha popo usiku. Katika matundu ya miti mikuu hutaga cherero, wale kasuku wadogo wa kijani wenye shingo ya njano, ambao asili yao ni nchi hii yetu. Na kina mama wanaokwenda mbali kuchuma mlenda wa pori wakati wa mvua wangeupata nyuma ya nyumba.

Kinachotukwamisha ni namna tunavyouelewa usafi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka na mafyekeo, tunakwangua kila kijani mpaka ardhi ibaki uchi, halafu tunasema mtaa umependeza. Mvua ya kwanza ikija inaubeba udongo huo hadi korongoni, na korongo linazidi kuisogelea misingi ya nyumba zetu. Usafi ni kuondoa taka. Majani si taka.

Najua jibu litakalokuja: nyoka, na vibaka. Hofu hiyo ni ya haki, hasa kwa mwenye watoto. Lakini nyoka hufuata panya, na panya hufuata jalala, ambalo tayari tunalo. Njia zifagiliwe ziwe pana, miti ipogolewe chini ili mtu aone upande wa pili, na vijana wapewe zamu. Huko Korogocho, Nairobi, vijana wa mtaa wenye sifa mbaya kuliko mitaa yetu yote waliondoa taka kwenye ukingo wa mto wakatengeneza bustani ambamo watoto wanacheza. Nao hawakuwa na ardhi bora kuliko yetu.

Mvua zetu huanza Desemba. Kabla hazijafika iko Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Mwendeeni mwenyekiti wa mtaa mapema, mhakikishe kipande hicho hakina mmiliki, kisha mkubaliane mkutanoni kwamba siku hiyo pale hapafyekwi. Wenye mbuzi waambiwe mbele ya wote. Taka zizolewe. Halafu wazee wanaoijua miti kwa majina watangulie, watoto wafuate na vitambaa vya kanga kuukuu, na penye kisiki kinachochipua wafunge kimoja.