Mpaka Tulale Humo?

Leo tuna dukuduku, mtuvumilie.

Tangu serikali yetu ilipotangaza mpango wa Silicon Zanzibar mwaka 2022, na Fumba ikawa ndiyo makao yake, habari ni teknolojia tu. Hatuikatai. Wallahi tunaitaka, maana hata sisi mafundi cherehani oda nyingi zinakuja kwa WhatsApp. Tunachokataa ni huu mtindo wa nyumba ambamo vijana wanaobuni programu wanakula, wanalala na kufanya kazi pamoja, wake kwa waume, na asiyelala humo anaambiwa hana nia.

Kuna binti mtaani kwetu, ndiye aliyetutengenezea programu ya kuweka vipimo vya wateja na siku za kuchukua nguo. Akapata nafasi kwenye nyumba moja ya namna hiyo, wiki tatu. Vyumba vyote ghorofa moja, choo kimoja, mikutano inaanza baada ya Isha. Akaomba aje asubuhi, arudi kwao Magharibi. Akajibiwa ubunifu hauna saa. Nafasi akapewa mwengine.

Ubunifu hauna saa! Na mtoto wa kunyonya je?

Mtindo wenyewe umetoka California. Mwaka 2004 vijana wa Facebook walikodi nyumba Palo Alto, wakaishi na kufanya kazi humo humo. Na San Francisco wengi wanabanana nyumba moja kwa sababu kodi haikamatiki. Hiyo ni dawa ya kodi, si siri ya akili. Binti yetu kitanda anacho, na chakula cha mama yake anacho. Anachokosa ni intaneti isiyokatika, meza, na mtu wa kumwelekeza.

Kushirikiana tunakujua. Sisi wanne tumekodi chumba kimoja, cherehani tatu na ovaloki moja, umeme tunachangia, na anayejifungua wenzake wanamshonea oda zake. Jioni tunafunga, kila mtu kwao.

Basi wanaojenga hizo nyumba watutengee ukumbi wa mchana, wa wanawake, wenye pa kuswalia na pa kumlaza mtoto, na walipishe kwa siku. Wala wasitwambie dini ndiyo inayotuzuia. Bibi Khadija (r.a.) misafara yake ilifika Sham, naye yuko kwake Makka.

Programu ya binti bado inakosea hesabu za wanaolipa kidogo kidogo, na hana wa kumuuliza.