Magitaa Mawili si Gitaa Moja Mara Mbili

Anayesikiliza rumba ya Kongo kwa mara ya kwanza husikia gitaa. Aliyeizoea husikia magitaa matatu au manne, na anajua kila moja linasema nini. Liko la solo, linalopanda juu waimbaji wanapopumzika. Liko la kusindikiza, ambalo wengi wetu huliita akompa, linalorudia mzunguko wake bila kuchoka. Liko besi. Na kati ya solo na akompa liko mi-solo, ambalo mgeni hulikosa kabisa, ingawa likinyamaza hata yeye huhisi kwamba wimbo umepungua. Ukiacha besi, yote hayo kwa macho ni kitu kimoja: nyuzi sita, shingo moja, waya moja kwenda kwenye ampli. Katika African Jazz, bendi aliyoianzisha Joseph Kabasele mwaka 1953, Nico Kasanda alipiga solo na kaka yake Dechaud akapiga akompa. Nico angeweza kupiga sehemu ya kaka yake, bila shaka. Asingeweza kuzipiga zote mbili kwa wakati mmoja.

Naleta habari hii katika jarida la lugha kwa sababu mimi nina magitaa mawili ya umeme, na kila anayeingia nyumbani kwetu hapa Katana ananishauri niuze moja. Ni nakala za Stratocaster, zote nyeusi, moja nimeipata kwa mpiga gitaa aliyekuwa anaacha kazi hiyo, nyingine kwenye soko la Kadutu. Tangu benki za Bukavu zilipofunga milango Februari 2025, pesa taslimu imekuwa adimu, na kitu chochote kinachoonekana cha ziada kinatazamwa kwa jicho la mnunuzi. Baba mdogo ametamka kile wengine wanachokisema kwa adabu zaidi: "Hii yote ni kitu moja. Uzisha moja, ulipe masomo." Ninamheshimu, na hesabu yake ya masomo haina kosa hata kidogo. Ninachopinga ni ile sentensi ya kwanza.

Magitaa yangu yanatofautiana kwa uzi mmoja. Katika gitaa la kawaida, kutoka uzi mwembamba kwenda mnene, tunapata mi, si, sol, re, la, mi. Uzi wa nne, ule wa re, ni mnene, umezungushiwa waya. Katika gitaa langu la pili uzi huo umetolewa, pahali pake umewekwa uzi mwembamba kama wa kwanza, ukakazwa hadi re ya juu, oktava nzima juu ya ile ya kawaida. Wapiga gitaa wa Kongo huita mtindo huo mi-composé. Vidole vinafanya kazi ile ile, kwenye nafasi zile zile, lakini sauti iliyotarajiwa kushuka inaruka juu, na mzunguko wote unaanza kung'aa kana kwamba wapigaji ni wawili. Mi-solo nyingi unazozipenda zina siri hiyo.

Kwa nini basi nisibaki na gitaa moja na kubadili uzi inapohitajika? Jaribu wewe katikati ya misa, kwaya imeshasimama. Hata ukiwa na muda, ule mfupa mdogo unaobeba nyuzi juu ya shingo umechongwa mfereji mpana kwa ajili ya uzi mnene. Uzi mwembamba humo hutetema na kulia kama nyuki. Kwenye gitaa la pili mfereji huo umeshughulikiwa, kwa hiyo uzi mnene haurudi tena. Na isitoshe, dada yangu ndiye anayeshika hilo la pili siku za sikukuu, nami nashika la kwanza. Tukiuza moja tunabaki na mpiga gitaa mmoja na msikilizaji mmoja.

Sasa mwanaisimu asikilize vizuri. Vitu viwili vinavyofanana kwa kila kitu isipokuwa sehemu moja, na sehemu hiyo ikabadili maana: sisi tunaviita jozi pambanuzi, na tunavitafuta usiku na mchana. Katika Kilingala, *moto* yenye toni ya chini mwishoni ni mtu. Ipandishe toni ya silabi ile ya mwisho, umepata kichwa. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi toni, kwa hiyo kwa macho ni neno moja, sawasawa na magitaa yangu. Hakuna mwalimu anayemwambia mwanafunzi achague moja na kutupa lingine.

Kufanana kwenyewe ndiyo faida. Kama gitaa langu la pili lingekuwa la mti mwingine, shingo nyingine na vinasa sauti vingine, nisingejua mng'ao ule umetoka wapi. Kwa kuwa mengine yote ni sawa, sikio linauona uzi wa nne peke yake. (Na kama yote mawili yangekuwa na nyuzi zile zile, na mpigaji angekuwa mmoja, ningeuza moja kesho asubuhi. Sitetei kurundika vitu.)

Nalisema hili hasa kwa sababu ushauri wa Baba mdogo nausikia pia katika korido za wasomi, umevaa koti tu. Hapa Katana, kwenye barabara ya kutoka Bukavu kwenda Kalehe, Mashi na Kihavu vinakutana kila siku ya soko. Katika uainishaji wa Guthrie vimepangwa jirani, Kihavu D52 na Mashi D53. Vinafanana sana, na wasemaji wake husikilizana. Basi mwanafunzi akitaka kuandika juu ya Kihavu, huulizwa kwa tabasamu kwa nini asiandike juu ya Mashi, lugha yenye wasemaji wengi zaidi na yenye sarufi ya Louise Polak-Bynon iliyochapishwa tangu 1975. "Tofauti ni ndogo." Ndiyo, ni ndogo! Uzi mmoja kati ya sita pia ni kidogo. Mahali ambapo lugha mbili zinakaribia kuwa moja ndipo panapotuwezesha kuona badiliko moja la toni au la kiambishi likifanya kazi peke yake, bila kelele za mabadiliko mengine mia. Ukilinganisha Kihavu na Kizulu utapata tofauti nyingi sana, na utashindwa kujua ipi ilizaa ipi.

Ningependa idara iache kuhesabu mada za tasnifu kwa ukubwa wa tofauti. Aliyechagua Kihavu aulizwe amesikia nini ambacho mwenye Mashi hakukisikia. Akikosa jibu, abadilishe mada. Akiwa nalo, apewe mwalimu.

Kuhusu masomo yangu, ampli ndiyo nitakayoiuza. Ya kwaya inatosha kwa sasa, ina matundu mawili.