Si Kila Jani Lichemshwalo Ni Dawa



Mama wa Laela, mtoto wake akishikwa na homa usiku, mara nyingi huanza na majani: huyachuma, huyachemsha, kisha humnywesha mgonjwa kikombe. Hatumlaumu, maana twafunzwa kwamba kila ugonjwa umewekewa dawa, na dawa nyingi zatokana na mimea. Lakini ndani ya kikombe kile mna nini, na kwa kiasi gani?

Tutazame jambo lililotokea kaskazini ya Ufipa, katika milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwezi wa Novemba, 1987, Bwana Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyezijua dawa za kwao, alikuwa msituni pamoja na mtaalamu Michael Huffman. Wakamwona sokwe jike aitwaye Chausiku, mgonjwa na mnyonge. Akavunja vijiti vichanga vya mti mchungu ambao Watongwe huuita mjonso, akatupa majani na maganda, akatafuna kiini na kumeza maji yake. Bwana Mohamedi akaeleza kwamba kwao pia mti huo ni dawa ya tumbo. Kesho yake yule sokwe alikuwa amepata nafuu.

Kwa nini aliyaacha majani? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, waliuchunguza mmea huo. Katika kazi kama hii mmea hukaushwa, husagwa, kisha hurowekwa katika kimiminika kama spiriti, ambacho huvuta vilivyomo. Maji yake huchujwa na kukaushwa polepole. Masalio hutengwa fungu kwa fungu, na kila fungu hujaribiwa. Katika kiini ilipatikana vernoniosidi B1. Katika majani na maganda ilizidi vernodalini, ambayo huua vijidudu, lakini ikizidi ni sumu.

Na moto nao waweza kuiharibu dawa. Bi Tu Youyou wa Uchina alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika mmea wa jamii ya pakanga, na majaribio yake hayakufaulu vema. Akashuku kwamba joto ndilo liharibulo. Mwaka 1971 akatumia etha, ichemkayo kwa nyuzi 35 hivi tu, na dawa ikatoka na nguvu zake. Ndiyo artemisinini, iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Basi sufuria ya nyumbani haituambii kipimo: kikombe kimoja chaweza kuwa hafifu, cha pili kikawa kikali. Na malaria haimngojei mtoto mdogo. Mpelekeni upesi zahanati apimwe damu. Akionekana ana malaria atapewa dawa mseto, ambayo sehemu yake moja asili yake ni mmea ule ule, lakini imepimwa kulingana na uzito wake. Na ikiwa amekwisha kunyweshwa majani, msimfiche mganga. Mwambieni ni majani gani, na alikunywa kiasi gani.

Wazee waliotujulisha miti hii twawashukuru. Heshima yao haipungui kwa kupima walichotuachia.